Baada ya Juluka: Kumsikiliza Upya Johnny Clegg

Mhadhara uliotolewa kwa Kiswahili, Observatory, Johannesburg

 

Juu ya Johnny Clegg kuna hukumu iliyokwisha kupita, na wengi wetu tumeirithi bila kuikagua. Inasema kwamba Juluka, bendi aliyoianzisha na Sipho Mchunu, ilikuwa dhahabu tupu, na kwamba Savuka, bendi iliyofuata, ilikuwa shaba iliyong'arishwa kwa ajili ya soko la Ulaya. Inasema kwamba hadi mwaka 1985 Clegg alikuwa msanii, na baada ya hapo akawa Mzungu anayerusha miguu mbele ya Wafaransa. Nimeisikia hukumu hii kwa watu wenye masikio mazuri, watu wanaojua kutofautisha gitaa la Msinga, bara ya Natal, na gitaa la pwani yake, kwa hiyo siichukulii kuwa porojo. Ina ukweli ndani yake, nami nitausema ukweli huo. Lakini inamdhulumu Clegg, na inamdhulumu Sipho Mchunu zaidi.

Tuko mahali panapofaa kwa kazi hii. Ukitoka hapa mlimani Observatory ukielekea magharibi, unapita Bellevue East, unaingia Bellevue, kisha Yeoville, ambako wengi wenu mnanunua sombe, dagaa na unga wa muhogo sokoni, na ambako Kiswahili cha Bukavu na cha Lubumbashi kinasikika barabarani kila siku. Yeoville ndiko alikokulia Clegg. Alizaliwa Uingereza mwaka 1953, karibu na Rochdale. Mama yake alikuwa mwimbaji kutoka Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Mtoto akapelekwa Rhodesia, akaletwa Johannesburg, akakaa Zambia kwa muda, akarudishwa Johannesburg. Naye alikuwa mhamiaji katika mtaa wa wahamiaji, ingawa alikuwa na ngozi ambayo sheria ya wakati huo iliipenda.

Akiwa na umri wa miaka kumi na minne hivi alikutana na Charlie Mzila, mfagiaji wa majengo ya ghorofa, Mzulu aliyepiga gitaa jioni baada ya kazi. Mzila akamfundisha. Akamwongoza hadi kwenye hosteli za wafanyakazi wahamiaji, ambako wanaume waliotenganishwa na wake na watoto wao walicheza ngoma za kwao mwisho wa juma. Mzungu hakuruhusiwa kukanyaga huko bila kibali. Clegg alikamatwa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na mitano. Hosteli hizo baadhi ya wazee wetu wanazijua kwa njia nyingine: wale wa Rungwe na Mbeya bado wanaikumbuka Wenela, shirika lililokuwa likikusanya vijana wa Tanganyika na kuwaleta kwenye migodi ya hapa Rand kabla serikali ya uhuru haijalifungia mlango.

Mwaka 1969 akaja Sipho Mchunu. Alikuwa kijana wa Kranskop, Natal, aliyekuja mjini kutafuta kazi na akaajiriwa bustanini. Alisikia kuna Mzungu mdogo anayepiga gitaa la Kizulu, akamtafuta ili washindane. Naomba hilo likae vichwani mwenu. Sipho hakugunduliwa na mtu. Yeye ndiye aliyekwenda kumtafuta mwenzake, na alikwenda kama fundi anayetaka kumpima fundi mwingine.

Kwa miaka kadhaa walipiga wawili tu, Johnny na Sipho, kwenye kumbi za vyuo, makanisani, majumbani mwa watu, kwa kuwa sheria za makaburu zilifanya onyesho la hadharani la Mweusi na Mweupe kuwa hatari. Mwaka 1976 walitoa "Woza Friday". Mwaka 1979 ikatoka albamu ya kwanza ya Juluka, *Universal Men*, juu ya maisha ya mhamiaji anayeishi nusu mjini na nusu kijijini. Kisha *African Litany* mwaka 1981, yenye wimbo "Impi" juu ya vita vya Isandlwana vya mwaka 1879. Kisha *Scatterlings* mwaka 1982, na *Work for All* mwaka 1983, ambayo ilibeba kilio cha wasio na kazi wakati vyama vya wafanyakazi vilipokuwa vinapata nguvu. Redio ya serikali ilitaka kila lugha ikae kwenye idhaa yake, Kizulu huku na Kiingereza kule. Bendi iliyoimba lugha mbili ndani ya ubeti mmoja haikuwa na idhaa.

Nataka kukaa kidogo kwenye gitaa, maana bila gitaa hatutaelewa kilichopotea. Maskanda, muziki wa gitaa wa Kizulu waliokuwa wakiupiga, una utaratibu wake. Mpigaji hufungua kwa izihlabo, mmwagiko wa haraka wa noti unaotangaza ufundi wake na kuwaambia wasikilizaji nyuzi zimekazwa vipi. Ndipo wimbo unaingia. Kidole gumba kinashika besi, kidole cha shahada kinafukuza sauti ya juu, na mtu mmoja anasikika kama watu wawili. Katikati ya wimbo huja izibongo: mpigaji anajisifu kwa kasi, anataja ukoo wake, mto wa kwao, chifu wake, ili kila anayesikia ajue ni nani na ametoka wapi. Mswahili aliyezoea majigambo haoni ajabu yoyote hapo. Katika Juluka, Sipho ndiye aliyekuwa nguzo ya utaratibu huo. Clegg alikuwa mwanafunzi hodari, lakini Sipho alizaliwa ndani yake.

Mwaka 1985 Juluka ilivunjika, na hapa ndipo hukumu ya kawaida inapoanza kuteleza. Watu husema "Clegg alipoiacha Juluka". Aliyeondoka ni Sipho. Alirudi Kranskop, kwenye ardhi ya ukoo, kwenye ng'ombe na familia. Alikuwa ameishi mjini kwa miaka kumi na sita hivi, akisafiri, akipigwa picha, akishangiliwa Ulaya na Marekani, halafu akirudi kwenye nchi ambayo ilimtaka abebe pasi mfukoni. Aliamua kwamba kazi ya mtu mzima ya ukoo wake ilikuwa inamngoja nyumbani. Waandishi wengi huyaeleza haya kwa sentensi moja kisha wanamfuata Clegg uwanjani, kana kwamba mtu aliyekwenda kwenye ng'ombe wake ametoka kwenye hadithi. Sioni hivyo. Nyimbo za *Universal Men* zilikuwa zinamwimba mwanamume anayetamani kurudi. Sipho alirudi. Katika wawili hao, yeye ndiye aliyeishi wimbo wao mpaka mwisho. Wala hakuacha kupiga: mwaka 1989 ilitoka albamu yake *Yithi Esavimba*, na ndani yake gitaa linasikika kama mtu aliyevua viatu vya mjini.

Clegg, kwa upande wake, alianza bendi mpya, na kwetu Afrika Mashariki tunajua kumpima vizuri zaidi mwanamuziki aliyebadili bendi. Mbaraka Mwinshehe alikuwa roho ya Morogoro Jazz, na alikwenda nayo hadi Japani kwenye maonyesho ya Osaka ya mwaka 1970. Mwaka 1973 akaondoka, akaanzisha Super Volcano, na miaka sita tu baadaye, Januari 1979, akafa kwa ajali ya barabarani Mombasa. Sijapata kumsikia Mtanzania au Mkenya akisema kwamba miaka ile ya mwisho ilikuwa makombo. Wimbo "Shida" uliwatikisa watu kuliko nyingi za zamani. Tunamsikiliza Mbaraka wa Morogoro kwa kile alichokitafuta Morogoro, na Mbaraka wa Volcano kwa kile alichokitafuta baadaye. Clegg naye anastahili kipimo hicho hicho.

Basi alikuwa anatafuta nini? Tazameni kalenda. Julai 1985 serikali ilitangaza hali ya hatari katika sehemu kubwa za nchi. Juni 1986 ikaitandaza nchi nzima. Maelfu walitiwa ndani bila kushtakiwa. Jeshi lilikuwa ndani ya vitongoji. Savuka ilizaliwa mwaka huo wa 1986. Haikuwa bendi ya mtu aliyechoka na mizizi yake. Ilikuwa bendi ya mtu aliyebaki peke yake jukwaani wakati nchi inawaka, na ambaye hakuweza tena kuegemea sauti ya Sipho kuthibitisha maneno yake. Katika Juluka, Clegg aliposema jambo, Sipho alikuwa kando yake, na kule kuwa pamoja kwenyewe kulikuwa hoja nzito kuliko maneno. Wawili wale walikuwa ushahidi kwamba sheria inasema uongo. Savuka haikuwa na ushahidi wa namna hiyo. Ilibidi iseme.

Na ilisema. Katika *Third World Child* ya mwaka 1987 umo wimbo "Asimbonanga". Wakati huo Nelson Mandela alikuwa amekaa gerezani miaka ishirini na mitano. Kuchapisha picha yake lilikuwa kosa, na vijana wa Soweto waliokuwa wakipigwa risasi kwa ajili yake hawakujua sura yake ilivyokuwa. Wimbo unajengwa juu ya jambo hilo hilo: hatujamwona. Halafu, katikati, yanaitwa majina ya watu watatu, moja baada ya lingine, na kiitikio kinajibu. Steve Biko, aliyekufa mikononi mwa polisi Septemba 1977. Victoria Mxenge, wakili, aliyeuawa nyumbani kwake Umlazi Agosti 1985. Neil Aggett.

Nisimame hapo kwa Aggett, maana ni mtu wetu kwa namna ambayo wengi hatuijui. Alizaliwa Nanyuki, Kenya, mwaka 1953, mwaka ule ule aliozaliwa Clegg. Familia yake ya walowezi ilihamia Afrika Kusini uhuru wa Kenya ulipofika. Mtoto yule akakua, akawa daktari, kisha akajitolea kwa vyama vya wafanyakazi Weusi. Februari 1982 alikutwa amekufa kwenye seli ya John Vorster Square, kituo kikuu cha polisi ambacho kutoka hapa mlimani si mbali. Polisi walisema alijinyonga. Ilichukua hadi mwaka 2022 kwa mahakama ya Johannesburg kutamka kwamba aliuawa. Clegg alikuwa amelitia jina lake kwenye santuri miaka thelathini na mitano kabla ya mahakama, katika orodha moja na Biko, kwenye wimbo wa Kizulu, wakati kuimba majina hayo kungeweza kuifungia bendi milango yote.

Ninapoambiwa Savuka ilikuwa muziki wa biashara, ndipo ninapouliza: biashara gani inaanzia hapo?

Sasa niseme kilicho kweli katika hukumu ya zamani, kwa kuwa niliahidi. Gitaa lilipungua. Sikilizeni Juluka kisha Savuka kwa mfululizo: izihlabo hazipo tena kwenye mlango, zimefunikwa na vinanda vya umeme na ngoma nzito za studio za miaka ile. Izibongo zimekuwa fupi au hazimo kabisa. Baadhi ya nyimbo za Kiingereza zinajaribu kuihutubia dunia nzima kwa wakati mmoja, na wimbo unaomhutubia kila mtu mara nyingi humkosa aliye mbele yake. "Scatterlings of Africa" ilirekodiwa upya, ikasafiri hadi kwenye filamu ya Marekani *Rain Man* mwaka 1988. Mimi naipenda zaidi ile ya Juluka, ambayo bado ina vumbi miguuni. Na Ufaransa, ambako Savuka ilijaza viwanja, magazeti yalimpa Clegg jina la "Mzulu Mweupe". Naliona jina hilo kuwa baya. Lilimgeuza kuwa kioja, likawafuta Charlie Mzila na Sipho Mchunu, na likawaacha Wazulu wenyewe wa bendi hiyo, Dudu Zulu mchezaji na mpiga ngoma miongoni mwao, wasimame nyuma ya picha.

Kulikuwa pia na adhabu kutoka upande wa pili. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeomba wasanii waisusie Afrika Kusini, na chama cha wanamuziki wa Uingereza kilimfukuza Clegg kwa sababu aliendelea kupiga muziki ndani ya nchi hii. Mtu aliyemwimba Mandela alizuiwa na watu waliokuwa wakimpigania Mandela. Siwalaumu moja kwa moja. Susio lilikuwa silaha halisi, na silaha ya namna hiyo haifanyi kazi ikiwa kila mtu mwema anaomba msamaha wake binafsi. Lakini kanuni iliyotungwa kumzuia mgeni asije kufanya maonyesho kwenye kumbi za makaburu ilipotumiwa dhidi ya mwenyeji anayeishi hapa, anayekamatwa hapa, mwenye bendi ya watu wa rangi zote, ilikuwa imepofuka. Kama angehamia London angepata sifa. Alikaa Johannesburg.

Kukaa kulikuwa na bei nyingine. Kabla muziki haujamchukua kabisa, Clegg alisoma na kufundisha anthropolojia Chuo Kikuu cha Wits. Mmoja wa wanaanthropolojia wa idara hiyo alikuwa David Webster. Tarehe 1 Mei 1989 Webster alipigwa risasi nje ya nyumba yake Troyeville. Ukisimama kwenye ukingo wa mlima huu ukatazama kusini, ng'ambo ya Bez Valley, unaitazama Troyeville. Muuaji, mtu wa vikosi vya siri vya dola, alihukumiwa mwaka 1998. Mwaka ule wa mauaji Savuka ilitoa *Cruel, Crazy, Beautiful World*, na humo mna wimbo unaodai mtu mmoja, kura moja.

Kuna jambo moja katika uanazuoni wake ambalo wachambuzi wa muziki hawaligusi, nami naliona kuwa kiini. Clegg aliandika utafiti juu ya kisasi katika Msinga na Mpofana: jinsi damu ya ndugu inavyodai kurudishwa, jinsi ugomvi wa mipaka ya ardhi ulivyozaa vita vya koo vilivyodumu vizazi. Aliyajua hayo kwa kalamu na kwa miguu, maana ngoma alizozicheza zililelewa na vijana wa koo hizo hizo. Mwaka 1992 Dudu Zulu alipigwa risasi Natal, akijaribu kupatanisha pande zilizokuwa zikigombana katika vita vya teksi. Aliyekuwa mwenzake wa kucheza kila usiku, bega kwa bega, alikufa ndani ya kisasi cha namna ile ile ambayo Clegg alikuwa ameichambua.

Albamu ya mwaka uliofuata, *Heat, Dust and Dreams*, ina wimbo "The Crossing", na ndio wimbo ninaoutegemea kuliko wote katika hoja yangu. Ni wa kumsindikiza Dudu. Ndani yake vile vinanda vilivyonichosha kwenye santuri nyingine vinapata kazi yao: vinatandaza nafasi, kama uwanja mtupu wa kijiji, na kiitikio cha Kizulu kinapita humo kwa mwendo wa watu wanaokwenda pamoja. Hakuna anayelilia kisasi. Mtu aliyeandika kurasa juu ya damu inayodai damu alimwimbia rafiki yake aliyeuawa wimbo usiodai chochote isipokuwa avuke salama. Juluka haikuwa na wimbo wa namna hiyo, na isingeweza kuwa nao, kwa kuwa haikuwa imempoteza mtu hivyo. Albamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Muda mfupi baadaye Savuka ikaisha.

Miaka iliyofuata nitaipitia haraka. Sipho na Clegg walirudiana, wakatoa albamu moja mwaka 1997. Ni nzuri, ina furaha ya watu wazima, lakini haikulazimika kuwapo. Mwaka 1999, Frankfurt, Clegg akiwa anaimba "Asimbonanga", Mandela mwenyewe alitokea nyuma yake jukwaani akicheza, na watu wakamwona kabla mwimbaji hajamwona. Mwaka 2006, katika *One Life*, Clegg aliweka wimbo mkali juu ya Robert Mugabe na mapinduzi yanayowala watoto wake, wakati viongozi wa hapa walikuwa wakichagua kunyamaza na wakimbizi wa Zimbabwe wakizidi kujaa Yeoville na Hillbrow. Aligundulika ana saratani ya kongosho mwaka 2015, akazunguka kuaga mwaka 2017, akafariki hapa Johannesburg tarehe 16 Julai 2019.

Kuna swali ambalo mmoja wenu ataniuliza, kwa hiyo acheni nilijibu. Hosteli hizo ninazozisifu kwa ngoma zake, si ndizo walikotoka baadhi ya waliotufukuza? Mei 2008 fujo dhidi ya wageni zilianza Alexandra, watu zaidi ya sitini wakauawa, na wapo humu waliolala vituoni mwa polisi na watoto wao. Sitapamba jambo hilo. Lakini *Universal Men* ilikuwa imekwisha kusema, miaka ishirini na tisa kabla, kwamba mwanamume wa hosteli ni mgeni katika jiji hili sawasawa na Mkongomani, amefungiwa mbali na mkewe na hana chumba cha kumkaribisha mwanawe. Ubaguzi wa rangi ulikwisha, hosteli zikabaki. Anayetaka kuelewa kwa nini mhamiaji humgeukia mhamiaji mwenzake asianze na hotuba za wanasiasa wa leo. Aanze na santuri ile.

Ninachoomba kifanyike ni kidogo. Tuache kuiweka Savuka chini ya Juluka kwenye ngazi moja, kwa sababu hazikuwa zikipanda ngazi moja. Juluka ilikuwa mazungumzo ya watu wawili yaliyovunja sheria kwa kuwapo kwake, na gitaa lake halina mshindani. Savuka ilikuwa kazi ya mtu mmoja kuita majina ya waliokufa katika miaka ambayo majina hayo yalikuwa hatari, na ilipofika kwa Dudu Zulu ilijua kuita jina la mtu wake. Na kati ya hizo mbili tuiweke kazi ya Sipho Mchunu ya baada ya kuondoka, mahali pake, bila kuiita kimya.

Fundi mitambo amenionyesha kidole kwamba santuri ziko tayari. Tutaanza na wimbo mmoja wa *Yithi Esavimba*, tufuate na "The Crossing", halafu maswali. Kipaza sauti kiko upande wa dirisha. Naomba akina mama waanze.